Gambiti ya Halloween: niendelee kumtupa farasi au niache?

FarasiHasara

Wakuu, habari za jioni.

Naleta jambo langu kwa wanaocheza chesi kwa kuipenda. Wale wa "injini (programu ya kompyuta) inasemaje" nao karibuni, najua mtakuja hata nisipowaita.

Nikipata Mweupe nacheza gambiti ya Halloween, yaani ufunguzi wa kutoa kete makusudi ili upate shambulio. Kwa asiyeifahamu (K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, pasipo herufi kubwa ni askari; e4 na kadhalika ni miraba, x ni kula, + ni cheki, 0-0 ni kumficha mfalme kwa ngome, nukta tatu ni hatua ya Mweusi, ! ni hatua nzuri, ? mbaya): 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Nc3 Nf6. Mpaka hapo huo ni ufunguzi wa Farasi Wanne, mchezo wa watu wapole, kila upande umetoa farasi wake wote wawili na hakuna aliyemkosea mwenzake. Halafu nacheza 4.Nxe5. Ndiyo, nakula askari aliyelindwa. Farasi mzima anakwenda kwa askari mmoja. Mweusi anakula, 4...Nxe5, nami nasukuma 5.d4 na farasi wa e5 inabidi ahame. Akienda g6 nasukuma tena 6.e5, na yule wa f6 naye hana pa maana pa kukimbilia isipokuwa g8, zizini alikotoka.

Simamisheni ubao hapo mtazame. Mweusi ameshacheza hatua sita na ana farasi wa ziada, lakini kete yake iliyo nje ni moja tu, farasi wa g6. Mimi nina askari wawili wamesimama d4 na e5, farasi yuko c3, na zamu ni yangu. Nacheza 7.Bc4 kuilenga f7, kisha malkia anatoka hadi f3, na mtu akizubaa mchezo unaisha kwa Qxf7 chekimeti.

Lakini ninachokipenda kuliko vyote ni ile hatua ya nne yenyewe, hasa mkiwa mmekaa ana kwa ana. Mpinzani anaangalia e5, anaangalia farasi wake wa c6, anahakikisha kwamba yule askari kweli alikuwa na mlinzi. Kisha ananiangalia mimi. Wengi hudhani nimegusa farasi kwa bahati mbaya na sheria ya ukigusa unacheza imenibana, kwa hiyo wanakula taratibu, kwa adabu, wananionea huruma. Mmoja aliniuliza kabisa, "Una uhakika?" Hatua mbili baadaye huruma imeyeyuka, ameshika kichwa anatafuta pa kumweka farasi.

Sasa tatizo. Tatizo ni shemeji yangu.

Shemeji ndiye mpinzani wangu wa kila Jumamosi, dakika kumi kila mtu. Zamani nilikuwa namtesa nitakavyo. Siku hizi kaenda kusoma. Nikicheza 7.Bc4 ananijibu 7...d5 bila hata kuangalia saa, 8.Bxd5 c6 9.Bb3 Be6, halafu anakunja mikono. Moto umezimwa. Tunabadilishana maaskofu, anatoa kete zake moja baada ya nyingine bila haraka, na mwishoni kabisa farasi wake wa ziada anakuja kunizika.

Na klabuni kuna mzee mmoja, anajua sana mchezo huu, kila akinikuta nacheza haya mambo anatikisa kichwa na kusema nitaharibu mkono. Kwamba nitazoea kuombea wenzangu wakosee.

Basi naomba kujua: baada ya 7...d5 kuna maisha? Na hilo la kuharibu mkono lina ukweli? Ubingwa siutafuti. Natoka kazini nimechoka, nataka mchezo wangu uwe na kelele kidogo, siyo jioni nzima ya kusukuma a3 na h3 tukisubiriana.

---

MzeeWaSare

Kijana, siye mimi mzee wa klabuni kwenu, lakini mfikishie salamu zangu, anasema kweli.

Farasi ni pointi tatu, askari ni moja. Gambiti yenye akili inatoa askari ili inunue muda. Wewe unatoa farasi, na muda ulioununua mpinzani anakunyang'anya kwa hatua moja, hiyohiyo ...d5 ya shemeji yako. Anakurudishia askari wa pili kwa hiari yake, askofu wake wa c8 anapata njia, na bado yuko mbele. Hapo huna askari wa kutosha kufidia, wala mfalme wake hayuko uchi. Hakuna fumbo.

Kama kelele ndiyo dawa yako, mbona zipo kelele halali katika nafasi hiyohiyo? Badala ya kula e5, cheza 4.d4 exd4 5.Nd5. Inaitwa gambiti ya Belgrade. Umetoa askari mmoja tu. Mwenye tamaa akicheza 5...Nxe4, wewe 6.Qe2, yeye f5, wewe 7.Ng5, na kuanzia hapo anayejua zaidi ndiye anayepona. Ukikutana na mjuzi hufi, unapata mchezo uliolingana na unarudi nyumbani na sare yako. Sare si tusi.

---

NgomeYaPili

Mzee, shikamoo. Belgrade nakubaliana nawe kabisa, nitairudia. Ila hilo la "halali" naliona linaficha jambo. Mimi nimecheza takataka za kila aina, nyingine kwa miaka, na naweza kukuhakikishia takataka hazilingani.

Mimi huzipima kwa swali moja: mpinzani akiukwepa mtego, nabaki na nini mkononi?

Chukua gambiti ya Englund, 1.d4 e5. Video zake zimejaa kila mahali. 2.dxe5 Nc6 3.Nf3 Qe7 4.Bf4 Qb4+ 5.Bd2 Qxb2, na hapo Mweupe akicheza 6.Bc3 amekwisha: 6...Bb4! 7.Qd2 Bxc3 8.Qxc3 Qc1 chekimeti. Inapendeza kweli. Mara ya kwanza kumfunga mtu hivyo sikulala vizuri kwa furaha. Lakini Mweupe akicheza tu 6.Nc3, tazama ulichobaki nacho. 6...Bb4 7.Rb1 na malkia wako anaanza kukimbizwa, Qa3, 8.Rb3 Qa5, na kete zako nyingine zimelala nyumbani zinasubiri bwana harusi. Hakuna shambulio, hakuna kituo (miraba ya katikati ya ubao), hakuna kitu. Unacheza hatua thelathini za kujitetea, na kila moja ni chungu. Hiyo mimi siiiti hatari. Ni tiketi ya bahati nasibu. Ikipasuka imepasuka.

Stafford iko juu yake kidogo: 1.e4 e5 2.Nf3 Nf6 3.Nxe5 Nc6 4.Nxc6 dxc6. Umetoa askari, umepata njia za maaskofu wote wawili. Eric Rosen ndiye aliyeifanya ipendwe na watu wa mtandaoni, na ukiwaona wanavyokufa humu utaelewa kwa nini. 5.d3 Bc5 6.Bg5? inaonekana hatua ya kawaida kabisa, inamfunga farasi kwa malkia. Jibu ni 6...Nxe4!! Akimla malkia, 7.Bxd8 Bxf2+ 8.Ke2 Bg4 chekimeti. Akimla farasi, 7.dxe4 Bxf2+ na mfalme akimla askofu, malkia wake wa d1 kaondoka. Uzuri wa Stafford ni kwamba mtego si mmoja, ipo mingi imefuatana, na Mweupe anakanyaga mmoja akiukimbia mwingine. Lakini anayejua atacheza 6.Be2, ukija na 6...h5 atacheza 7.c3 kisha d4, na askofu wako wa c5 ndiyo basi tena. Unabaki na askari pungufu na matumaini.

Halafu kuna Latvia: 1.e4 e5 2.Nf3 f5. Hii ni ya zamani, Greco, mchezaji wa Italia, aliiandika karne ya 17, na jina ilipewa kwa sababu ya Kārlis Bētiņš wa Latvia aliyeichambua miaka mingi. 3.Nxe5 Qf6, malkia nje hatua ya tatu, mfalme yuko wazi, mwalimu yeyote akikuona atakunyang'anya ubao. Ni mbovu, hilo halina mjadala. Lakini ni mbovu kwa namna ambayo mchezo unabaki mchezo. Safu ya f ni yako, askari wako wa e4 anamkaba koo Mweupe, na lazima Mweupe afikiri kila hatua. Akikosea hatua ya kumi unamrudia, akikosea hatua ya ishirini pia.

Kwa kipimo hicho Halloween yako iko upande wa Latvia, wala si wa Englund. Hutegemei mtego mmoja. Hata baada ya 7...d5 unabaki na askari wawili kwa farasi wako na askari wa e5 anayemsumbua mtu. Uko nyuma, ndiyo. Lakini kuna kazi ya kufanya, na hiyo kazi naona ndipo unapoikimbia. Umesema "tunabadilishana maaskofu." Nani anaanza? Nahisi ni wewe, unacheza 10.Bxe6. Ukifanya hivyo unamsaidia shemeji kumaliza kete, na mwenye farasi wa ziada hana anachokiomba zaidi ya kete kupungua. Cheza 10.0-0 na umwache askofu wako b3 alivyo. Yeye akitaka aje akule, 10...Bxb3 11.axb3, na sasa ngome yako ya a1 imefunguliwa safu bila kusogea hata hatua moja. Kisha f4. Farasi wako hayupo f3, kwa hiyo askari wa f hana anayemzuia, na f5 itamfukuza tena yule farasi wa g6 ambaye shemeji anadhani ameshatulia. Una askari wanane dhidi ya sita. Wasukume wote watatu, d, e na f, bega kwa bega.

Injini bado itasema Mweusi ni bora. Na mimi nasema hivyohivyo. Lakini shemeji si injini, amekariri hatua tisa, na swali ni atafanya nini hatua ya kumi na mbili.

Kuhusu kuharibu mkono. Kinachoharibu mkono ni kucheza hatua ukijua kabisa ina jibu, kwa kuombea tu mwenzako asilione. Ukiwa na Halloween unaweza kucheza kila hatua ukichukulia kwamba analiona, ukatafuta bora iliyopo. Mimi kuhesabu muda nimejifunzia kwenye gambiti mbovu, siyo kwenye vitabu: nani ametoa kete ngapi, nani anarudi nyuma, nikisukuma sasa atapoteza hatua ngapi. Mtu ambaye hajawahi kuwa na kete pungufu hawezi kujua hatua moja ina thamani gani.

---

KumbukumbuYaUbao

Mjadala mzuri. Naongeza yangu ya kihistoria maana hapa watu wanaongea kana kwamba upuuzi umeanza na video.

Halloween yenyewe ni ya karne ya 19, watu wa Leipzig waliicheza kabla haijapata jina hili. Jina limetoka kwa Steffen Jakob, Mjerumani aliyeiweka mtandaoni programu ya chesi iitwayo brause icheze gambiti hii na watu mmoja baada ya mwingine. Aliona wapinzani wamejiandaa kwa Farasi Wanne, mchezo wa usingizi, halafu 4.Nxe5 inawatokea ghafla kama mtu aliyevaa kinyago. Ndipo Halloween.

Na wakubwa nao hucheza vituko. Mwaka 1924 New York, Tartakower alikwenda kutembelea bustani ya wanyama ya Bronx, akakutana na orangutani, na katika mchezo wake na Maróczy akafungua kwa 1.b4. Mpaka leo ufunguzi huo unaitwa Orangutani. Mwaka 1980 huko Skara, Uswidi, kwenye ubingwa wa timu za Ulaya, Anatoly Karpov, bingwa wa dunia, alicheza 1.e4, na Mwingereza Tony Miles akamjibu 1...a6. 2.d4 b5. Mbele ya bingwa wa dunia! Na Miles akashinda. Mwaka 1999 Linares, Topalov alimtolea Kramnik farasi katika ufunguzi wa Petrov, 1.e4 e5 2.Nf3 Nf6 3.Nxe5 d6 4.Nxf7, ile gambiti ya Cochrane, ikaisha sare. Na 2021, kwenye mashindano ya mtandaoni, Carlsen, bingwa wa dunia wakati huo, na Nakamura, wote wakiwa wameshafuzu hatua inayofuata, walicheza 1.e4 e5 2.Ke2 Ke7 wakaanza kucheka, wakarudia hatua wakagawana pointi.

Kwa hiyo FarasiHasara uko kwenye kundi zuri.

---

MzeeWaSare

Ndugu Kumbukumbu, mifano mizuri lakini umechanganya mbuzi na kondoo.

Miles hakumtoa mtu. 1...a6 na 2...b5 ni vya ajabu, siyo vya hatari. Aliachia kituo akapata askofu wa b7 anayeitazama e4, na kete zote zilikuwa ubaoni zimelingana. Karpov hakushindwa na a6, alishindwa na Miles, mchezo ulikwenda hatua 46. Orangutani vilevile, 1.b4 hailipi kitu. Na hao wa 2021 hawakuwa wanacheza, walikuwa wanacheka, we mwenyewe umesema.

Aliyetoa farasi katika orodha yako ni Topalov peke yake, na yeye alipata askari wawili papo hapo na mfalme wa mwenzake katikati ya ubao. Sare. Tena sare ya Topalov, mtu ambaye akikosa shambulio bado anakushinda. Kijana wetu hapa anapata askari mmoja na mfalme wa mwenzake kalala salama e8.

NgomeYaPili, marahaba. 10.0-0 nimeiweka ubaoni. Sijaipenda, lakini naona hoja.

---

FarasiHasara

NgomeYaPili, umenijua kana kwamba ulikuwa umekaa mezani. Ndiyo, mimi ndiye ninayekula e6. Huwa najiambia askari wake wa e6 atakuwa mbovu. Na kweli anakuwa mbovu, ila hafi.

Kumbukumbu, asante kwa hiyo ya Cochrane, maana shida yangu nyingine ni hiyo: watu wengi hawafiki hata Farasi Wanne, wanacheza 2...Nf6 nikabaki nimeshika gambiti yangu sina pa kuitoa. Nitaijaribu. Naona hatima yangu ni kumtupa farasi tu, iwe e5 au f7.

Naomba mnisaidie na jambo moja la mwisho. Kuna kijana klabuni badala ya 5...Ng6 anarudi 5...Nc6. Nasukuma 6.d5 na kawaida nafurahi. Mwingine alirudi hadi 6...Nb8, nikacheza 7.e5 Ng8. Nilimwomba ruhusa nipige picha ubao. Hatua saba zimechezwa na kete zote za Mweusi, ZOTE, ziko kwenye miraba ya kuanzia, kasoro askari wa e. Nikikuonyesha picha bila maelezo utadhani Mweusi kachelewa kufika.

Wakicheza 6...Ne5 nako raha, 7.f4 Ng6 8.e5 Ng8 9.d6, na baada ya 9...cxd6 10.exd6 askari wangu amekaa d6 kama mfupa kooni: askofu wa f8 hatoki, askari wa d7 hasogei, na askofu wa c8 nyuma yake naye kifungoni.

Lakini huyu kijana hafanyi lolote kati ya hayo. Anacheza 6...Bb4. Anamwachia farasi wa c6 nimle! Kila mara nakwama hapo.

---

NgomeYaPili

Huyo kijana anajua, au kafundishwa na anayejua. 6...Bb4 ndiyo jibu lenye akili zaidi kwa 6.d5: anakurudishia farasi na yeye ndiye anakuwa na shambulio. 7.dxc6 Nxe4 8.Qd4 Qe7.

Hapa usiguse g7! Najua mkono utawasha, malkia wako wa d4 anaitazama g7 na ngome ya h8 nyuma yake. Lakini 9.Qxg7 Nxc3+ ni cheki ya kufunuliwa kwenye safu ya e: farasi kaondoka, malkia wake wa e7 anamlenga mfalme wako. Unaziba 10.Be3, yeye 10...Nd5+, sasa cheki inatoka kwa askofu wa b4. 11.c3 Rf8, ngome imeokoka. Unakula 12.cxb4, yeye 12...Nxe3 13.fxe3 Qxb4+ na mfalme wako ndiye anayetafuta pa kujificha. Kwa mtu aliyeanza mchezo kwa kutaka kelele, kelele hizo zitakuwa zako.

Cheza 9.Be3 kwanza, uzibe safu ya e, kisha Bd3 na umfiche mfalme. Hakuna aliye na farasi wa ziada tena, mmelingana kete. Ni mchezo wa kawaida. Samahani.

---

MzeeWaSare

"Ni mchezo wa kawaida, samahani." Nimecheka peke yangu.

FarasiHasara, kabla hujafunga uzi, Belgrade umeiangalia? Nakupa ukweli wake wote ili usije ukarudi kunilaumu. Mpinzani makini hatamla askari wa e4. Atacheza 5...Be7. Wewe 6.Bf4, unatishia c7, yeye d6, wewe 7.Nxd4 na askari wako amerudi. Kete sawa, wafalme salama, kituo kimegawanywa vizuri. Hapo pamelingana kabisa.

---

FarasiHasara

Mzee, nimeiweka ubaoni jana usiku, mpaka 7.Nxd4. Ni kama ulivyosema, pamelingana kabisa, na hilo ndilo linalonikimbiza. Nimekaa nikautazama ule ubao, kila kitu kimenyooka, nikaanza kupiga miayo. Lakini 5...Nxe4 6.Qe2 f5 7.Ng5 nimeipenda mno, hivyo klabuni nitakuwa nacheza Belgrade na wale wenye tamaa, nawajua kwa majina.

Kwa yule kijana wa 6...Bb4 nitacheza 9.Be3 na kuvumilia.

Shemeji namwachia 10.0-0. Jumamosi nitaanza na Mweupe.

---

KumbukumbuYaUbao

Akikula b3 tu, weka hatua zote hapa.